Mtoto Haamkii

Barabara ya Kumi na Mbili walishanena:
mtoto wa Mwamvua ana maringo,
anakupita kama gogo.

Nikamfinya. "Bi Mize yule pale, mwamkie!"
Mwanamkasi akaamkia nguzo ya umeme.
Kicheko kile nililala nacho siku tatu.

Ningejuaje? Kila jioni cherehani ikikata uzi
ni yeye ninayemwita.
Analamba ncha, anaisogeza sindano hadi puani,
mara moja tu, tayari,
na mimi nimekwisha kuchoma hewa mara kumi.
Kipofu gani anatunga sindano?

Shuleni alinakili daftari la jirani
pamoja na makosa ya jirani,
akala viboko vya watu wawili,
hata Mwalimu Kihiyo aliposema: mpeleke Bombo.

Mtaalamu wa macho akachora yai karatasini.
"Jicho lake limerefuka, kiasi cha nusu punje ya mchele.
Mwanga unaingia vizuri, ila unakutana mapema,
kama wageni wa harusi wanaopigiana vigelegele njiani;
nyumbani kwa bibi harusi zinafika kelele tu.
Tutampa kioo kilichobonyea, chembamba katikati.
Kitawatawanya kidogo wale wageni,
wakakutane ndani, penye shughuli."

Kisha akanipa mimi kijikaratasi nisome.
Nikakisogeza mbali, mbali,
mpaka mkono ukaniishia.
"Mama, una miaka arobaini na mitano?"
Na sita.
"Lenzi ya jicho imekakamaa. Wageni wako wanachelewa.
Chako kitakuwa kimetuna katikati, kama andazi."

Fedha ilitosha miwani moja.

Tukarudi kwa miguu. Nilingoja aseme lo, aseme mashallah.
Alinyamaza hadi kona ya Barabara ya Nane,
ndipo akauliza:
"Mama, kumbe Bi Mize hunitazama hivi
kila siku?"

Nikajifanya nahesabu chenji.

Basi sasa anaamkia kila mtu,
ng'ambo ya barabara, juu ghorofani,
shikamoo inakufika hujageuka.
Naye Bi Mize anasema
mtoto wa Mwamvua ana kiherehere.

Usiku uzi ukikatika, namwita.
Anavua miwani, anailaza juu ya kitambaa,
analamba ncha,
na tundu la sindano linamfungukia kama mlango.
Mimi nasubiri,
mkono nimeunyoosha.