Chumvi Niliyokula

Nesi Eliakunda aliufunga mkono wangu kwa kitambaa,
akaminya mpira, akaminya,
hewa ikatoka kwa mlio wa nyoka aliyekanyagwa.
Akaandika tarakimu, akazitazama, akazipigia mstari.
"Mzee Mwinshehe, unapenda chumvi?"

Nikacheka.
Miaka thelathini na mmoja nimeikwangua Nunge,
reki mkononi, visigino vimepasuka,
jasho langu na maji ya jaruba ladha moja.
Chumvi ndiyo iliyosomesha watoto,
ndiyo iliyoezeka bati hapa Bagamoyo.
Waniuliza kama naipenda?

Tangu utotoni nasikia mtu akisifiwa:
huyu kala chumvi nyingi, msikilizeni.
Basi nami nikala.
Nikanyunyiza kabla ya kuonja.
Nikanyunyiza hata juu ya ng'onda,
na ng'onda yenyewe ni chumvi iliyovaa magamba.
Sikudhani akinuna: "Pishi langu unalitukana."

Siku ile hakununa.
Alisoma karatasi ya zahanati mara mbili,
akakitwaa kikopo mezani,
akakificha juu ya kabati, nyuma ya birika la harusi yetu,
ambako goti langu bovu halinipandishi.

Juma la kwanza, mchuzi ulikuwa maji ya kunawia.
Nikavizia kwa jirani.
Kibwana akanifungia mlango nusu:
"Mkeo kashapita nyumba zote,
hadi kwa muuza chipsi."

Sikumbuki ni juma la nne au la tano.
Mchicha wa nazi, ndimu imekamuliwa juu.
Nikatafuna, nikasita.
Nazi ilikuwa na utamu. Kitunguu saumu kilikuwa na neno.
Walikuwa wamesimama mlangoni miaka yote hiyo
wakingoja chumvi imalize kusema.
"Umetia nini?"
"Sijatia."

Kidonge nameza kila asubuhi,
nacho ni cheupe, kana kwamba kinanidhihaki.
Lakini usiku moyo haunigongei tena
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.

Jana nilipita majaruba. Vijana wanakwangua,
malundo yanawaka jua hadi macho yanauma.
Nikaokota punje moja,
nikaigeuza kiganjani kama barua ya zamani,
nikairudisha kwa wenzake.

Naapa niliirudisha.
Ila Sikudhani, nilipofika nyumbani,
aliushika uso wangu kwa mikono miwili
akaninusa midomo.