Usiku Umeme Ulipokatika Oulu

Theluji ilikuwa imefika dirishani.
Pampu ikanyamaza, nyumba ikasikika ilivyo tupu.
Hilkka akalivika tangi blanketi la marehemu Tauno,
lile lenye tundu la sigara,
akachota maji kwa kikombe, akayamwaga,
akachota, akayamwaga,
yapate pumzi.

Matumbawe laini hayana mfupa, kama ulimi,
ila hayajui kusema yanapoumia.
Yalijikunyata tu, ngumi za mtoto aliyenyimwa.
Kipimajoto: ishirini na mbili.
Ishirini na moja na nusu.

Tauno angesema: usiyaguseguse, mama,
pima chumvi, kaa chini.
Hakukaa.

Saa kumi na mbili taa ya buluu ikawaka.
Yote yamefumba bado,
isipokuwa moja, pembeni,
lililonyoosha kidole kimoja
likakirudisha.