Chungu cha Masika

Mwenye duka wa Mkunazini alitaka mikeka sita,
yote nyekundu moja. Alisema hivyo: nyekundu moja.
Akatoa simu, akatuonyesha picha ya mkeka wetu wenyewe
umelala sebuleni kwa mtu tusiyemjua.

Mavyaa yangu, Mize binti Shaame, akaitazama
kama mtu anayeonyeshwa mwanawe kavaa nguo ya kuazima.
"Hiyo imekwisha," akasema. "Ilikuwa chungu kimoja."

Lakini arubuni ilishafungwa kwenye pindo la kanga.
La kanga yangu, si yake.

Tukakata makuti machanga ya mkindu bondeni Wingwi,
kabla hayajafunua vidole.
Tukachana, tukaanika, tukaanua, tukaanika.
Nami nilikuwa na daftari. Niliandika:
zingefuri, vibaba viwili,
gome la mkaka, konzi tatu,
chumvi kidogo.
"Kidogo kiasi gani, mama?"
"Cha kutosha."
Kesho yake konzi zikawa nne. Keshokutwa
akaapa hajapata kutia mkaka tangu azaliwe.

Chungu cha kwanza kikatoa tofali.
Cha pili, kutu ya bati.
Cha tatu nilichomoa chane moja,
nikailaza juu ya kipande cha ukili wa zamani,
nikafumba jicho: sawa.
Nikafumbua: ndugu, si pacha.

Usiku ule ikanyesha, ya kwanza ya masika.
Nikamsikia uani, bila taa,
anaburura ndoo, anazipanga chini ya michirizi,
anakitukana kisima chetu na chumvi yake
kama anayemtukana wifi.
Alfajiri chungu kinachemka.

Katika daftari sikuandika maji.
Nani huandika maji?

Nyekundu iliyotoka nimeitafutia jina, sijapata.
Si komamanga. Si tungule iliyopasuka juani.
Iko karibu na kidole cha bibi harusi siku ya tisa,
hina inapoanza kusahau.

Ikatosha mikeka miwili na nusu.
Kisha mbingu ikafunga mkono siku kumi na moja,
na mwenye duka alikuwa anapiga simu.
Nusu iliyobaki nikaishonea ukili wa chungu cha tatu,
usiku, nikidhani taa ya chemli itanifichia.

Akachukua ile miwili. Ule wa tatu akaukunjua,
akaukunja, na uso wake akaukunja pamoja nao.
Ya nne, ya tano na ya sita hatukuulizana.

Ndio tunaoulalia.
Upande wa mlango ni mvua, upande wa ukuta ni kisima.
Mwanangu Asaa, usingizi ukimchelewa,
hupitisha kidole gizani mpaka penye mshono.
"Hapa?"
"Hapo."

Na kila Ijumaa, tukishaukung'uta,
mavyaa huugeuza bila kusema neno,
ili mvua ilale kwake.