Lita Kumi na Tano

Lita kumi na tano, Kirumba hadi Kayenze na kurudi.
Niliziandika kwenye daftari la dagaa,
ukurasa wa nyuma, penye majina ya wanaodaiwa,
na jina nililoliweka juu yake lilikuwa la Mugeta.
Nani mwingine? Dereva ndiye anayeshinda na gari,
dereva ndiye mwenye mpira na dumu.
Nikamlipa siku tisa kati ya kumi na mbili,
nikachukua ufunguo. Hakubishana.
Alisema tu, "Mama Nyanzobe, hili gari linanuka,
nilikwambia tangu masika,"
akatoa kandambili zake chini ya kiti
akaenda zake kwa miguu.

Wiki mbili nimeendesha mwenyewe.
Dumu sina, mpira sina,
ufunguo nalala nao.
Lita kumi na tano.

Bwire, fundi wa Mabatini, hakuuliza habari za dereva.
Alipitisha kidole ndani ya bomba la moshi
akanionyesha masizi.
Akafungua plagi, akazipanga juu ya gazeti:
zote nne zimevaa kaniki.
"Hili halichomi," akasema. "Linakunywa."

Injini yenyewe si ya gari hili.
Marehemu Lugembe aliitoa kwenye Haisi iliyobingirika Nyamhongolo,
akaipachika kwenye pikapu yetu kwa vyuma vya kitanda,
kwa matusi, na kwa wiki tatu za kutokula nyumbani.
Siku ilipowaka alipiga honi hadi paka wa jirani akahama.
Mimi nilipika wali.

Sasa Bwire anafumua kazi ya mkono ule.
Thamostati haipo. Aliing'oa mwenyewe
siku gari lilipochemka na shehena ya barafu,
akiogopa lisije likachemka tena.
Basi injini imeishi miaka sita na baridi,
na choki, ikiiona inatetemeka,
inazidi kuimwagia petroli
kama anayemrundikia mgonjwa mablanketi.
Jeti ya kabureta nayo imetobolewa kwa keekee.
"Alitaka livute," nikasema.
"Lilivuta," akajibu Bwire, akipuliza vumbi.
"Lakini wewe hubebi barafu. Unabeba dagaa wakavu."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Changu kilikuwa chini ya boneti,
kimekazwa boliti na mtu niliyemzika.

Jeti mpya, ndogo kama punje ya mtama.
Thamostati ya mtumba; tuliijaribu kwanza
katika sufuria ya mama ntilie, maji yakianza kuchemka,
ikafunguka polepole, jicho la mtu aliyeamshwa.
Breki ya nyuma, kulia, ilikuwa imeshika;
miezi yote hiyo tairi lilikuwa linaburutwa.
Taimingi aliitega kwa sikio,
akiniashiria ninyamaze, nami sijasema neno.

Jeti ya zamani niliiomba.
Nimeifunga kwenye ncha ya khanga
pamoja na ujira wa siku tatu.
Zile tatu.

Jumapili nikatia lita nane, nikashika njia ya Kayenze,
anakokaa Mugeta kwa dada yake.
Sitaficha: niliomba ziishe njiani,
pale Igombe penye mawe,
nikae pembeni niseme, Mungu hakutaka.
Mshale haukulala.
Ziwa likatokea mkono wa kushoto, likapotea, likatokea tena.
Kwenye kioo, nyuma yangu, vumbi tu; moshi hakuna.
Nimefika, na nusu ya mafuta bado imo.

Alikuwa anaanika dagaa wa watu.
Alisimama kabla hajaniona; alilisikia.
Akainua pua, akanusa.
Nikazima injini.
Fundo la khanga lilikuwa limekaza,
nikalifungua kwa meno.