Vidole Viwili

Gari limelala kulia, alisema Fundi Kibwana
kabla hata sijazima injini.
Akachuchumaa mbele ya bampa, akafumba jicho moja
kama mshonaji anayekagua upindo.
Vidole viwili, mama. Kwa dereva kumeshuka vidole viwili.

Nikamwambia hii ni pikapu ya viti.
Viti na maturubai: harusi Jumamosi, matanga siku yoyote.
Nyuma viti mia mbili, na mbele
miaka kumi na tisa aliketi Kondo,
kilo mia na nne, kiwiko nje ya dirisha,
akisimama kila genge kuulizia bei ya kitu asichokinunua.

Fundi hakusema pole. Alishaisema mwezi wa tatu,
amekalia viti vyetu wenyewe.
Aliuliza tu: Na wewe, una kilo ngapi?

Haya.
Lakini kupima kunataka pahali palipo sawa,
na Mburahati nani anapajua?
Uledi akatoa gololi mfukoni, akaiweka mbele ya gereji.
Ikakimbia, ikatumbukia mtaroni.
Akatoa nyingine. Uwanja wa mpira: ikakimbia.
Kwenye sheli ya barabara kuu ilisitasita,
tukashangilia, mlinzi akatufukuza.
Nyuma ya ofisi ya kata iliondoka taratibu,
kwa heshima zote, kuelekea bondeni,
kule kunakoelekea kila kitu cha mji huu mvua zikikolea.

Ikabaki kiwanja cha netiboli cha shule ya msingi,
saruji ya mfadhili ambaye jina lake limefutika.
Gololi ikatulia.
Watoto wakajazana madirishani
kuwatazama watu wazima wanaopigia magoti gololi.

Huku mbele hakuna springi, fundi akanionyesha, shavu lake chini.
Kuna nondo mbili zimelala kando ya chesisi,
na kazi yao ni kusokotwa, basi.
Shimo likija, inasokotwa. Shimo likipita, inajirudi.
Kama unavyokamua kanga ukaiachia.
Ila miaka ikizidi, hujirudi pungufu.
Nilitaka kujibu kitu. Nikamshikia tochi.

Jeki ikapanda. Bolti ilikuwa imeota kutu,
ikanyweshwa oili, ikapigwa nyundo, ikabembelezwa, ikatukanwa
(polepole, kwa ajili ya watoto),
hadi spana ya kumi na tisa ikazungusha robo.
Teremsha. Sukuma mbele, sukuma nyuma, lijikalie lenyewe.
Pima kuanzia katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi.
Robo nyingine. Teremsha. Sukuma.

Sasa kaa kwenye usukani.
Gari hupimwa likiwa na mtu wake.

Nikakaa. Kiti kina bonde lake;
hilo halina bolti.

Kushoto sentimita arobaini na tisa na nusu.
Kulia arobaini na tisa.
Na hiyo nusu? nikauliza.
Iache, akasema, akifuta spana kwenye suruali.
Nikikaza zaidi, mashimo utayahesabu kwa kiuno,
na boljointi zitakuja kunidai mimi.
Alaimenti kesho. Elfu thelathini, za Uledi uongeze.
Na gololi yake.

Usiku nilipeleka viti Kigogo.
Pikapu ilikwenda pua juu, kama mtu aliyelipwa deni.
Mara mbili nzima nilivuta usukani kushoto
kuzuia mvuto usiokuwepo,
na mara mbili nikakaribia kuchuna ukuta wa watu.

Kwenye kona taa zangu,
zilizozoea kumulika mashimo,
zikapanda hadi kibaraza cha ghorofa ya kwanza,
zikamkuta baba mmoja na taulo, mswaki mdomoni.
Akakinga macho. Akanitukana na povu.

Samahani, nikapaza sauti, gari limenyanyuliwa leo.
Taa tutazishusha kesho.