Duka la Mwanga, Kigoma

Behewa letu limelala Kaliua
wiki ya tatu, injini haijaja.
Ndani yake sabuni, betri, misumari,
na kitanda cha chuma cha bibi harusi
ambaye keshaolewa, analala mkekani.

Nimepanga chumvi safu moja mbele
rafu isionekane tupu.
Mteja hadanganyiki:
anachungulia nyuma ya chumvi
kama aliyesahau kitu humo.

Jana lori likaleta saruji, mifuko mia,
na wa kupakua hakuna.
Vijana wamefuata dhahabu.
Gwimile naye yuko huko,
anatuma salamu, hatumi mgongo.

Nikavua saa, nikainama.

Mfuko wa kwanza tu
ukanieleza kwa nini hakucheka
siku ile niliposema,
"Mia mbili kwa mfuko. Mbona kazi nyepesi!"