Aliyeruka Ni Nani

Tuliwaambia: rukeni.
Darasa la Tano wakaruka, wote sitini na wanane,
ndala zikabaki nyuma, vumbi jekundu likapanda hadi kenchi,
na kwenye karatasi kalamu ya mashine yetu
ikachachawa kama panzi aliyefungiwa kibuyuni.

"Huyo ni mimi!"
Kila mmoja akadai mlima wake:
huu wangu, ule wa Mdachi, kale kafupi ka Nyemo
aliyeruka huku ameshikilia sketi.

Mimi, mwaka wa pili, jiolojia, koti jeupe la kuazima,
nilikuja Bahi na maneno tayari kwenye kadi:
ganda la dunia, bonde la ufa, mwamba uliokatika.
Sechelela hakungoja kadi.
"Na lile la usiku, lililopasua ukuta wa kwetu,
mbuzi wakatangulia kulia,
aliyeruka ni nani?"

Wakacheka. Mwalimu Chilongani akakohoa.
Nikageuza kadi. Nyuma yake hapakuandikwa kitu.

Nikatoka, nikang'oa bua kavu la mtama
pembeni mwa shamba la shule, nikampa.
Likunje. Polepole. Usiache.
Likapinda, likapinda, kimya,
yeye ameuma ulimi, sisi tumesahau kupumua,
likapinda hadi tukadhani litavumilia,
ta!
Akalitupa, akakung'uta mikono.
"Limeniuma!"
Wapi?
"Hapa. Mpaka kwenye kiwiko."

Basi. Hakuna aliyeruka.
Kuna aliyevumilia mno.

Wakamwagika shambani, kila mtu na bua lake,
ta, ta, ta,
chakula chote cha ng'ombe wa mwalimu mkuu
kikawa matetemeko madogo madogo,
na mwalimu mkuu mwenyewe, mlangoni, mikono kiunoni,
mwishowe naye akaomba moja.

Saa nane tukaanza kukunja nyaya.
Dereva wa chuo alishawasha gari.
Tukamwambia azime,
kwa sababu Sechelela alikuwa bado amechuchumaa,
kiganja sakafuni, macho kwenye kalamu.
"Nyamazeni. Kuna mtu anakuja."

Hapakuwa na mtu.
Kalamu ilikuwa inatetema,
unywele, unywele,
kisha uzi, kisha kamba.

Ndipo tukasikia honi, mbali, upande wa Kigwe:
treni ya mizigo,
ilikwisha kufika kwenye karatasi
kabla haijafika masikioni.

Akaomba penseli.
Pembeni mwa mistari akaandika, herufi kubwa, zilizolala kidogo:
HUYU TUNAMJUA.